Inchi za Twiga

Jumamosi saa nne asubuhi Shangazi alikuwa na pini mdomoni na tepu shingoni, akiwapima watoto wa shule ya Jumapili majoho ya Siku ya Watoto. Aliwapanga ukutani katika chumba cha nyuma cha kanisa, kile cha viti vibovu na kinanda kisicholia, akawa anawaita mmoja mmoja. Kifua, mkono, bega hadi kifundo cha mguu, halafu urefu wote. Kila kipimo alikiandika kwenye daftari lake la ushonaji chini ya kile cha mwezi uliopita, maana watoto wanakua ukiwa umegeuka tu kuchukua mkasi, na Shangazi hakupenda kushona kitu kimoja mara mbili.

Mtaa mzima ulimwita Shangazi, ingawa kwa haki ya damu alikuwa shangazi wa mtoto mmoja tu, binti wa mdogo wake, ambaye wenzake walimpa jina la Twiga. Twiga alikuwa na miaka tisa na alikuwa mrefu kuliko wote. Shuleni, darasa la tatu, ndiye aliyetumwa kufuta juu ya ubao. Zamu yake ilipofika alisimama wima, visigino ukutani. Shangazi akanyoosha tepu, akasoma, akatoa pini mdomoni.

Tepu ilisema inchi arobaini na nane. Daftari lilisema hamsini na mbili.

"Simama vizuri, mwanangu."

"Nimesimama, Shangazi."

Akapima tena. Arobaini na nane zilezile.

"Inchi nne zimekwenda wapi?"

"Nimempa baba," alisema Twiga. "Nilikwambia Jumapili ile, ukaniwekea nyota."

Shangazi akageuka kuitazama chati ukutani. Kweli, nyota ilikuwepo, ya karatasi ya kung'aa, mbele ya jina la Twiga. Alikumbuka alivyoibandika huku akiamua ugomvi wa penseli upande wa pili wa chumba. Alikuwa amesema, "Vizuri sana, anayefuata," kama ambavyo walimu wamekuwa wakisema tangu walimu waumbwe.

Chati hiyo ilikuwa na historia yake. Mwaka uliotangulia Shangazi alikuwa amefundisha upendo wa kujitoa, jinsi Bwana Yesu asivyojibakizia kitu, na kila mtoto akaambiwa atoe kitu kwa ajili ya mwenzake na aje kusimulia. Watoto wakatoa. Wakatoa sukari ya mama, sufuria ya bibi, koti la kaka, na mmoja akagawa simu ya baba yake kwa mpita njia ambaye hadi leo hajaonekana. Wazazi wakaja juu. Ndipo Shangazi akaweka sheria mpya, na aliisema kwa sauti ili wote waisikie: hakuna kutoa mali ya nyumbani, toeni kilicho chenu wenyewe.

Sasa mtoto ana nini chake? Nguo amenunuliwa, sahani ya familia, kitanda wanalala watatu. Watoto walikwenda wakafikiri, na walipojikagua kwa uaminifu wakakuta wamebaki na miili yao tu. Wakaanza na hiyo.

Kutoa kwenyewe hakukuwa na ugumu. Anayetoa anasema, "Nakupa," anayepokea anasema, "Asante," au hata hasemi, na kitu kinahama. Kurudisha ni vivyo hivyo.

Shangazi akaweka tepu chini na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi akawatazama wanafunzi wake uso kwa uso. Msichana wa mbele hakuwa na meno hata moja, kayahamishia kwa babu yake, ambaye sasa alikuwa anatafuna mahindi ya kuchoma kwa meno ya maziwa na kujisifu kibarazani. Pembeni alisimama mvulana waliyemwita Kasuku, mpiga kelele namba moja, na alikuwa kimya. Aliulizwa ametoa nini. Hakujibu. Wenzake wakamjibia: sauti, kampa Mchungaji, ambaye koo lilikuwa linamsumbua.

Hilo Shangazi alikuwa amelisikia kwa masikio yake. Jumapili mbili mfululizo Mchungaji, mwanaume wa kilo mia na kitu, alikuwa amehubiri kwa sauti ya mtoto wa miaka saba mwenye kithembe, na Shangazi akadhani ni mafua. Waumini walisema amina palepale pa siku zote. Wao huitikia Mchungaji anaponyamaza kuvuta pumzi, kwa hiyo alichosema katikati hakikuwahusu sana.

"Mama yako anasemaje?" Shangazi akamwuliza Kasuku. Wenzake wakasema mama yake anasema nyumba imetulia.

Alimaliza kupima, akafunga daftari, akaketi juu ya kiti kibovu. Alijiona mjinga, na alikuwa na sababu. Wiki ileile mdogo wake alikuwa amemletea suruali nne zilizomfupia, na yeye, fundi wa miaka ishirini na mitatu, alizikunjua pindo zote huku akilaumu sabuni ya siku hizi.

Mdogo wake huyo alikuwa mzee wa kanisa. Mzee wa cheo, si wa miaka, maana arobaini hajafikisha. Alikuwa mfupi tangu kuzaliwa, inchi sitini na mbili akivaa viatu, na jambo hilo lilimkera kuliko dhambi zake. Matangazo aliyasoma akiwa amesimama juu ya kigoda. Alikuwa anautaka uenyekiti wa baraza la wazee, na alikuwa amekwisha kuambiwa na watu wasio na adabu kwamba baraza haliwezi kuongozwa na mtu anayeonekana kuanzia nywele. Shangazi alikuwa amemlea. Aliacha shule darasa la sita ili mdogo wake asome, na wakati huo hapakuwa na chati.

Jioni akaenda kwake. Alimkuta wifi yake jikoni anachambua mchele, macho mekundu. Wifi hakulala. Usingizi wake alikuwa amempa mumewe wiki ya harusi, mume alipolalamika kwamba kitanda kipya kinamsumbua, na tangu hapo mume alilala usingizi wa watu wawili na kukoroma mikoromo miwili tofauti, mmoja mzito na mmoja wa kike.

"Wifi, umeona urefu wa mtoto?" Shangazi aliuliza.

"Nimeona. Nimeshamkatia gauni la shule."

"Na hukusema kitu?"

"Niseme nini, wifi? Alikuja akiruka ruka kwa furaha, amepata nyota." Akapeta mchele mara mbili tatu. "Ukizoea, unazoea."

Mdogo wake alikuwa sebuleni anajaribu kukunja miguu chini ya meza. Inchi sitini na sita zilimkaa vizuri, huo ndio ukweli, hata mabega yalikuwa yamepata adabu. Akamkaribisha dada yake kiti.

"Mrudishie mtoto inchi zake," alisema Shangazi kabla hajakaa.

"Dada, mimi sikumwomba. Ametoa kwa hiari yake."

"Mtoto wa miaka tisa! Hiari yake ni pipi."

"Sasa nikimrudishia si nitamvunja moyo? Atajifunza nini, kwamba upendo unarudishwa dukani?" Akacheka kidogo, akapendezwa na maneno yake. "Na isitoshe, si wewe uliyemfundisha? Mimi nilikuwa nakaa kwangu na ufupi wangu."

Kuambiwa hivyo na mtu uliyemfuta makamasi kunauma. Alikunywa chai, akaondoka. Mlangoni Twiga akamkumbatia, na kichwa chake kilimfika Shangazi chini kidogo ya pale kilipozoea kufika.

Jumatatu akaenda kwa Mchungaji. Mchungaji alimpokea ofisini kwa heshima zote, akamsikiliza akiwa amefumba macho, kisha akamweleza kwa sauti ya Kasuku, kithembe na vyote, kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, ila watoto wetu wamejikunja wenyewe, jambo la kumshukuru Mungu. Akasema baraza limeandika barua ya pongezi kwa darasa. Akasema pia kwamba makanisa mawili ya jirani yameulizia ile chati.

"Mchungaji, na sauti utamrudishia lini yule mtoto?"

"Koo likipona," alisema Mchungaji, akakohoa kikohozi cha kitoto.

Majuma matatu yakapita. Uchaguzi wa baraza ukakaribia na mpinzani wa mdogo wake akajitokeza, mwalimu mstaafu, mtu wa inchi sabini. Jumapili hiyohiyo Twiga akasimama mbele ya darasa akatangaza kwamba amempa baba inchi tano nyingine. Hakuwa anajigamba. Alisema kama mtu anayetoa taarifa ya kazi. Shangazi akampima palepale: arobaini na tatu. Baba mtu sasa alikuwa na sabini na moja, na akashinda uenyekiti kwa kura nyingi, watu wakisema amekomaa.

Shuleni Twiga hakufikia tena dawati. Walijaribu kumwekea matofali, akawa anaanguka. Mwalimu mkuu, ambaye hakuwa mtu mbaya, alitazama kanuni, akakuta hazisemi kitu kuhusu mtoto aliyepungua, akafanya alichoweza: akamrudisha chekechea, kwenye viti vidogo. Huko Twiga, aliyekuwa anajua kugawanya kwa tarakimu mbili, alikaa siku nzima akipaka rangi bata. Alimwambia Shangazi bata ni wazuri. Halafu akasema amemaliza bata wote na mwalimu amempa walewale tena.

Shangazi akakasirika hadi akashona mfuko wa shati la mteja mgongoni.

Jumapili iliyofuata aliingia darasani, akabandua chati, akaikunja na kuitia chini ya kinanda.

"Kutoa kumesimama," alisema. "Sikilizeni. Bwana Yesu alijitoa akiwa mtu mzima, ana miaka thelathini na ushei, ana akili zake na anajua anakokwenda. Hakumtuma mtoto amsaidie. Watoto walipomwendea aliwawekea mikono kichwani, akawaacha wakaenda zao na kila walichokuja nacho."

Msichana asiye na meno akanyoosha mkono. "Na yule mtoto wa mikate na samaki?" aliuliza kwa ufizi.

"Yule alitoa chakula. Hakutoa meno."

"Alirudishiwa?"

Shangazi akafikiri. Aliichukulia kazi yake kwa uzito na hakupenda kuwadanganya. "Vilibaki vikapu kumi na viwili," alisema. "Nani alivibeba, hawakuandika."

Watoto wakatikisa vichwa. Watu wa namna hiyo waliwajua.

Habari zikafika kwa baraza kabla ya chakula cha mchana. Jumanne Shangazi akaitwa. Wazee saba walikuwa wameketi, mdogo wake kwenye kiti cha mwenyekiti, magoti yakiwa juu ya meza. Walimwambia kwa upole kwamba anachanganya watoto. Walimwambia upendo hauna breki. Mmoja, ambaye alikuwa anatumia macho ya mjukuu wake, alisoma dondoo za kikao bila miwani na kuwaonyesha wenzake.

"Basi tutoe sisi wakubwa," alisema Shangazi. "Tuanze hapa mezani. Mimi nawapimia."

Pakawa na kimya, na kwa mazoea wote wakasema amina. Kisha wakafunga kikao kwa sala, na iliandikwa kwamba chati irudi ukutani.

Ndiyo maana Jumatano mchana, cherehani ikiwa imepumzika na Twiga ametoka kwenye bata wake, Shangazi alimwita mtoto kwenye duka lake la ushonaji, akamkalisha juu ya meza ya kukatia, akamwambia, "Nakupa inchi tisa."

"Na wewe utabaki vipi?"

"Cherehani ni kazi ya kukaa. Sema asante."

"Asante, Shangazi."

Inchi tisa zikahama. Shangazi alikuwa na sitini na nne, akabaki na hamsini na tano, na gauni lake likamwagika miguuni. Twiga aliteremka mezani akiwa amefika hamsini na mbili kamili, magoti yake ya zamani, shingo yake ya zamani, akaenda akagusa kitasa cha juu cha kabati ambacho alikuwa amekisahau. Walicheka wote wawili hadi mteja aliyekuja kuchukua shati lake akaomba aambiwe. Ukweli ni kwamba Shangazi hakuwahi kuwa na furaha kubwa kama ile, hata siku aliyonunua cherehani. Hakumwambia mtoto asimpe mtu. Ilikuwa wazi mno, alidhani, haihitaji kusemwa.

Alhamisi Twiga alirudi darasa la tatu, akafuta ubao. Ijumaa akafuta tena. Shangazi alipigilia kipande cha ubao juu ya kanyagio la cherehani ili mguu umfikie, akaendelea na majoho. Wateja walimsalimia wakiangalia kaunta kwanza, halafu chini kidogo, na mazungumzo yakaendelea.

Jumapili alikwenda kanisani mapema. Alipanga viti. Chati ilikuwa ukutani, mtu ameibandika tena kwa gundi nzuri kuliko yake. Watoto wakaingia, na wa mwisho kuingia alikuwa Twiga, akivuta gauni kwa mikono miwili ili asilikanyage.

Shangazi hakuhitaji tepu. Arobaini na tatu.

Akamshika mkono, akamkalisha pembeni, wenzake wakiendelea kugombea viti. Sasa macho yao yalikuwa karibu usawa mmoja na ilikuwa rahisi kuzungumza.

"Baba amekuomba?"

"Hapana."

"Sema kweli, mwanangu. Amekuambiaje?"

"Hajasema kitu, Shangazi. Alikuwa anajitazama tu kwenye kioo."

"Sasa ulimpa ya nini? Tisa zote! Shuleni je? Ubao je?"

Twiga alimtazama. Hakuwa na huzuni wala hatia, na alionekana kushangaa kidogo kwamba mwalimu ndiye anayeuliza.

"Wewe si ulinipa za kwako?" alisema. "Nilikuona ulivyofurahi. Na mimi nilitaka nifurahi hivyo."

"Ukafurahi?"

Twiga akafikiri. "Kidogo. Baba hakucheka. Alisema suruali sasa itabidi zikunjuliwe tena."

Shangazi akamkumbatia, akalia, hakujificha. Alilia kwa hasira ya mdogo wake na kwa aibu yake mwenyewe, na kwa sababu ya mtoto huyu ambaye somo lilikuwa limemwingia hadi kwenye mifupa na hakuwa amekosea hata neno moja. Watoto wengine walikuja wakasimama kuwazunguka. Kasuku alifungua mdomo, hakikutoka kitu, akamshika Shangazi bega badala yake. Msichana mmoja akauliza kama machozi anaweza kuyachukua yeye, kwa sababu yeye alikuwa hajalia wiki nzima.

"Hapana!" alisema Shangazi. "Haya ni yangu. Hakuna mtu kutoa kitu hapa leo. Nendeni nje mkacheze."

"Kucheza ni somo?"

"Leo ndilo somo. Nendeni. Twiga, nenda na wewe."

Hawakujua waanze vipi, wakasimama kizingitini wakitazamana, halafu yule asiye na meno akamgusa mwenzake mgongoni na kukimbia, na wote wakamwagika uani. Twiga akafunga fundo gauni lake kiunoni akawafuata. Kwa miguu ile mifupi alikuwa anakamatwa kila mara, na kila akikamatwa alipiga kelele ya furaha kubwa kuliko anayeshinda. Shangazi akapanda kiti ili aone dirishani. Kwa muda wa robo saa hivi hakuna mtoto aliyempa mtu chochote.

Ibada ya wakubwa ikaisha. Mwenyekiti wa baraza, inchi themanini, alitoka mbele ya wote, na paji la uso likagonga kizingiti cha juu cha mlango mkubwa kwa kishindo kilichosikika hadi chumba cha nyuma. Watu wakampa pole. Wazee wakakusanyika palepale, na kwa kuwa wote walikuwepo wakapitisha kwamba mlango uvunjwe uinuliwe. Mwashi alikuwa miongoni mwa waumini. Akaenda stoo, akaleta ngazi na kamba ya kupimia, akatazama wapi pa kuisimamisha.

Watoto walikuwa wanacheza hapo. Mwenyekiti akawapigia makofi kutoka juu, akawaambia wapishe, hawaoni watu wako kazini, na wao, kwa kuwa walikuwa watoto waliofundishwa vizuri, wakapisha.